Ndoo ya Ubuyu na Kaunta Buku

Leo nianze na ndoo ya ubuyu.

Ni ndoo ya plastiki ya lita 10, imegeuka nyekundu kwa ndani kwa rangi isiyotoka hata ukisugua kwa jivu. Niliikuta mkononi mwa binti wa mwaka wa pili, kwenye hosteli moja ya wanafunzi hapa Dar es Salaam. Jina lake nalifunika, na chuo chake nakifunika vilevile. Ndani ya ndoo vimejaa vifuko vidogo vilivyozibwa midomo kwa moto wa mshumaa. Hutoka nayo saa mbili usiku, chumba hadi chumba, wakati watu wameshakula lakini mdomo bado unadai kitu. Kifuko kimoja shilingi 500. Akaniamkia, nikaitikia, kisha nikamuuliza biashara inakwendaje.

"Inalipa, anko. Natia elfu thelathini, natoa elfu sitini. Nusu kwa nusu."

Nikamwomba tukae kwenye ngazi tuhesabu. Ubuyu wenyewe, sukari, rangi, iliki na vifuko vilimla shilingi 30,000, hilo kweli. Akapata vifuko 120, na 120 mara 500 ni 60,000, hilo nalo kweli. Sasa tukaanza kuteremka. Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi, pamoja na bodaboda ya kipande cha mwisho kwa sababu ya mzigo, 5,000. Mkaa 2,000. Vifuko walivyoonja yeye na wenzake wa chumbani usiku wa kupika, pamoja na vile alivyompa rafiki aliyemsaidia kufunga, ni 15. Vifuko alivyowakopesha wale wa "nitakupa bumu likitoka", yaani fedha ya kujikimu ikiingia, ni 20. Vilivyouzwa kwa fedha mkononi vikabaki 85, yaani shilingi 42,500. Toa gharama zote, 37,000. Kilichobaki ni shilingi 5,500, kwa kazi ya usiku wa siku nne.

Akanyamaza. Akarudia hesabu kwenye simu yake. Halafu akacheka kile kicheko cha mtu aliyeibiwa asijue amshike nani.

Na huyu si mtu wa kubabaishwa na namba. Muhula huu anasoma takwimu. Mpe alama za darasa zima, atakukokotolea wastani na mtawanyo wake bila kutoka jasho. Alichokosa ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi siku zote nadhani uchungu wa methali ile uko kwenye maneno mawili ya mwisho. Mali kupotea ni jambo la dunia. Kupotea bila habari, ukaendelea kutembea na ndoo ukijiita mfanyabiashara, hapo ndipo penye kazi.

Lakini sikuja kumsema binti wa ubuyu. Huyo ana heri kuliko wengi, na nitarudi kwake. Nimekuja kusema juu ya mahubiri.

Ingia ukumbi wowote wa chuo siku ya kongamano la ujasiriamali. Ajira hakuna, jiajirini! Thubutu! Mtaji wa kwanza ni wewe mwenyewe! Mhamasishaji anashuka jukwaani, anapita katikati ya viti na kipaza sauti mkononi, vijana wanasimama kupiga makofi. Na aghalabu atamtaja marehemu Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, akafika kwenye viwanda, magazeti na televisheni. Hadithi ni ya kweli, na ni tamu. Ila kuna kipande kinachoachwa karibu kila mara: Mengi alikuwa mhasibu. Tena si mhasibu wa pembeni. Aliongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa Tanzania hadi mwaka 1989. Aliyekuwa akiunganisha zile kalamu ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kupekua vitabu vya fedha vya watu wengine na kuona wapi vinavuja. Tukiwasimulia vijana kalamu tukaficha vitabu, tumewasimulia nusu ya mtu.

Na nusu hiyo ina hatari. Zile sifa tunazomsifia mjasiriamali, yaani kuthubutu, kuwahi, kuona fursa pale wengine wanapopita, ndizo hizohizo anazozitafuta tapeli. Mwoga ni vigumu kumtapeli, hatoi hela. Anayetapelika ni kijana aliyetoka ukumbini moyo unamdunda, ameambiwa thubutu, na hakuna aliyemwambia ahesabu kwanza.

Wenye umri wangu mnaukumbuka upatu wa DECI, uliozimwa na serikali mwaka 2009. Lugha yake ilikuwa ya shambani: panda mbegu, uvune. Watu walipanda, wengi wakavuna mavumbi. Siku hizi mbegu haipandwi kwenye ofisi yenye foleni. Inakuja kwenye kundi la WhatsApp, imevaa neno "fursa", na anayekualika ni mwenzako wa meza moja maktabani ambaye naye kaalikwa juzi. Lete watu watano tu, anakwambia. Watano, kwani ni wengi?

Tuhesabu, msikilizaji. Shika kalamu kama ipo karibu. Wewe mmoja ulete 5. Wale 5 kila mmoja alete 5, ni 25. Kisha 125, kisha 625. Mpaka hapo unaona mambo madogo. Endelea. Ukifika ngazi ya 11, ukijumlisha wote kuanzia wewe uliyeko kileleni, unapata watu 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Yaani kwenye ngazi ya 11 nchi imekwisha, vichanga wote na wazee wote wa vijijini wamekwishaingizwa, wamebaki watu laki saba na ushee. Ngazi ya 12 inadai watu zaidi ya milioni 244. Utawatoa wapi? Hesabu hii haina siri yoyote, ni kuzidisha kwa tano, kitu cha shule ya msingi. Anayeifanya kabla ya kutuma hela anabaki na hela yake. Anayeifanya baadaye ataifanyia kituo cha polisi.

Ndugu wa upatu ni mkopo wa kausha damu. Jina lenyewe tumelibuni sisi wenyewe mitaani, na sijui lugha nyingine iliyolipa jambo hili jina linalofaa zaidi. Mwanafunzi anakopa 100,000, anarudisha 130,000 baada ya mwezi. Elfu thelathini, anasema, si kitu, mzigo ukifika nauza nalipa. Mzigo haukufika. Deni linaandikwa upya na riba yake juu, na mwezi wa pili vilevile. Kufika mwisho wa mwezi wa tatu ile laki moja imekuwa 219,700. Na siku hizi mkopeshaji haji na daftari kwapani, anakaa ndani ya simu. Ukipakua programu yake unampa ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, na siku ukichelewa ujumbe unakwenda kwa mama yako, kwa mjomba, kwa mchumba, pengine hata kwa mwalimu wako, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sitini na tisa! Biashara haifiki huko kama wateja hawapo, na mimi nimeona vijana wa chuo wakikopa programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili, huku wakijiita wapambanaji.

Hapa kuna atakayeniambia: mzee, unawatisha vijana wasithubutu. La. Nataka tuelewane kuthubutu ni nini.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, alitoa kitabu juu ya watu wenye kiu ya kufanikiwa, na mojawapo ya mambo aliyoyaeleza ni mchezo wa watoto wa kurusha pete kwenye kijiti. Mtoto anaachiwa achague mwenyewe asimame umbali gani. Wako wanaosogea mpaka kijiti kinagusa vidole vyao, hawakosi kamwe. Wako wanaokwenda kusimama ukutani, wanarusha kwa kelele, pete inakwenda kokote. Wale wenye kiu halisi ya kufanikiwa walisimama katikati, mbali kiasi cha kuhitaji ustadi, karibu kiasi cha kuwezekana, na wakikosa wanasogea kidogo. Sasa nikuulize, katika makongamano yetu tunampigia makofi mtoto yupi? Tunampigia yule wa ukutani. Aliyeacha chuo mwaka wa tatu, aliyeuza kiwanja cha baba, aliyeweka ada yote kwenye mzigo mmoja. Akifanikiwa anapewa kipaza sauti. Wenzake waliorusha kutoka ukuta uleule wakakosa hatuwaoni. Wako nyumbani kwao, hawaalikwi.

Aliyesimama katikati kapima. Kajua mapema nikikosa, napoteza kiasi gani, na hicho nikipoteza nitakula wapi. Swali hilo dogo sijalisikia likiulizwa ukumbini hata mara moja.

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa mwanafunzi, fedha yangu ya kwanza ya kujikimu niliipokea asubuhi, na kabla jua halijazama nilikuwa nimenunua redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, ile ambayo ukiiwasha hosteli nzima inajua umepata. Wiki ya tano nilikuwa napiga pasi ndefu: chai ya saa nne, kisha maji na usingizi mpaka ugali wa usiku, huku redio ikiimba. Nikaiuza kwa nusu ya bei, kwa mwanafunzi mwenzangu ambaye hakuwa na redio lakini alikuwa na daftari. Yule leo ana maduka mawili. Nami nipo hapa, redioni. Kila mtu na redio yake.

Kuna wachumi wawili, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, waliotunga maswali matatu mafupi ya kupima kama mtu anaielewa fedha. La kwanza: ukiweka 100 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka bila kugusa, baada ya miaka 5 utakuwa na zaidi ya 102, 102 kamili, au pungufu? La pili: riba ya akiba yako ikiwa asilimia 1 na bei za vitu zikapanda kwa asilimia 2, baada ya mwaka hela yako itanunua zaidi, sawa, au pungufu? La tatu: kununua hisa za kampuni moja ni salama kuliko kununua vipande vya mfuko wenye hisa nyingi, kweli au si kweli? Yalipoulizwa Marekani mwaka 2004 kwa watu waliovuka miaka 50, waliopata yote matatu walikuwa kama theluthi moja tu. Kwa hiyo ukishindwa usilie, una wenzako wenye mvi. Lakini yajaribu chumbani kwenu usiku wa leo.

Majibu ni zaidi, pungufu, na si kweli. Lile la pili mwanafunzi wa Tanzania hana sababu ya kulikosa, maana amelifundishwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu yenyewe. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa hadi 10,000 kwa siku kutoka 8,500 katika mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa nini? Kwa sababu sahani ya wali maharage haikukubali kubaki bei ya zamani. Na waliokopa kabla ya mwaka 2021 wanaikumbuka ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa mwaka huohuo kwa shangwe kubwa. Tuliichukia, na mimi niliichukia, lakini jina lake lilikuwa somo zima la uchumi: shilingi uliyokopeshwa siyo shilingi unayorudisha.

La tatu nalo lina shule yake karibu. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, limekuwa likiendesha mashindano ya wanafunzi ya kununua na kuuza hisa kwa fedha za kubuni. Unapoteza milioni isiyo yako, unalala vizuri, asubuhi umejifunza. Ningekuwa na uwezo ningempeleka kila mwanafunzi huko kabla hajaalikwa kwenye kundi lolote la "fursa". Na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT vinanunulika kwa simu, bila kuomba ruhusa kwa bosi yeyote.

Sasa niwe mkweli kwa jambo moja linaloniuma, maana msikilizaji mjanja atanishika. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja likafundishwa mambo ya kawaida ya biashara: uwekaji hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. Kundi la pili likafundishwa tabia: kujianzishia jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, kutokata tamaa kwenye kikwazo cha kwanza. La tatu halikufundishwa chochote. Walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, waliofundishwa tabia faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Ya waliofundishwa hesabu ilipanda kwa asilimia 11, tena watafiti wakasema hawawezi kuitofautisha na bahati tu. Basi je, wahamasishaji wamenishinda?

Nimelifikiria sana. Kwanza, wale wa Lomé walikuwa tayari wana biashara zao. Soko lilikuwa limekwisha kuwachapa, wanajua bei ya kila kitu mezani pao. Mwanafunzi hajachapwa bado. Pili, na hili ndilo kubwa, hiyo tabia waliyofundishwa haikuwa kelele. Walifunzwa kupanga, kuona kikwazo kabla hakijafika, kutafuta habari za kweli za biashara zao na kujirekebisha. Ukinitajia mtu anayetafuta habari za kweli za biashara yake, mimi nasikia mtu mwenye daftari. Sasa fananisha hilo na saa mbili za "thubutu" ukumbini. Nakubali kushindwa na Lomé. Kwa ukumbi sikubali.

Nirudi kwa binti wa ubuyu, kama nilivyoahidi. Wiki tatu baadaye nilipita tena. Amenunua kaunta buku la kurasa 96. Ukurasa wa kushoto kinachotoka, wa kulia kinachoingia, na nyuma kabisa ukurasa wa madeni wenye majina na namba za vyumba. Juu ya mfuniko wa ndoo kaandika kwa kalamu nene: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Nikacheka. Akaniambia amepoteza wateja sita, na amepata hela. Kuna jambo moja lilinifurahisha kuliko yote: kwenye ukurasa wa kulia nikaona jina lake mwenyewe mara tatu. Akila kifuko, anajilipisha 500. Mzunguko uliopita ulimwachia 17,000 baada ya kila kitu, mkaa ukiwemo, na sasa ananunua ubuyu pamoja na mwenzake wa hosteli ya jirani ili wagawane nauli. Hilo la kugawana nauli hakuna aliyemfundisha. Lilimjia alipouona mstari wa nauli umeandikwa mara nne mfululizo.

Namalizia kwa ombi, na ninaliomba kwa vyuo na kwa Bodi ya Mikopo. Kijana wa miaka 19 anaposaini fomu ya mkopo wa elimu, anasaini deni kubwa kuliko fedha zote alizowahi kushika. Anasaini kwa haraka. Makato yake ni asilimia 15 ya mshahara. Akipata kazi ya shilingi 800,000, hiyo ni 120,000 kila mwezi, kabla hajalipa kodi ya chumba. Wengi wanalijua hilo siku wanapoiona hati ya mshahara wa kwanza. Basi kabla ya saini, mketisheni nusu saa. Mpeni karatasi na kalamu aandike mwenyewe, kwa mkono wake: nakopa kiasi gani, nitakatwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nitabaki na nini. Akimaliza, asaini. Hakihitajiki kipaza sauti wala mgeni rasmi.